Nyota Nyeusi Upande wa Gwata

Jumatatu, 15 Novemba 1954

Siku kubwa! Leo Mwalimu Mwanaamina ametufundisha jambo ambalo hata Biasha binti Husseini hakulijua. Biasha hujua kila kitu. Asichokijua hukitikisia kichwa, kana kwamba alikijua zamani akakichoka.

Jambo lenyewe ni hili. Huko mbinguni huenda kuna nyota nyeusi. Si kwamba imezimika kama kibatari kilichoishiwa mafuta. La! Ni nzito mno. Ukirusha jiwe juu, dunia hulivuta likarudi. Ukilirusha kwa nguvu zaidi, huchelewa kurudi. Ungeweza kulirusha kwa nguvu za ajabu, lingekwenda zake lisirudi kabisa. Sasa fikiria nyota iliyojikunja ikawa ndogo lakini uzito wake wote umebaki. Mvuto wake ni mkali hata nuru, ambayo haishindwi mbio na kitu chochote, haiwezi kutoka. Nyota inameza nuru yake yenyewe! Na chochote kinachovuka mpaka wake hakirudi.

Mwalimu amesema hakuna aliyewahi kuiona. Wanazuoni wameipata kwa hesabu tu. Biasha akauliza, kama haionekani, watajuaje ipo? Swali langu hilo! Lilikuwa tayari mdomoni mwangu. Mwalimu akamsifu. Akajibu kwamba watajua kwa vile vitu vingine vinavyoizunguka.

Kisha likaja la pili, kubwa kuliko nyota. Mwakani kuna nafasi moja tu kwa shule yetu katika shule ya bweni ya wasichana. Wanaofikiriwa ni wawili, mimi na Biasha. Mwalimu ameniita pembeni akaniambia mimi niko mbele kidogo. Lakini mzazi lazima aje mwenyewe shuleni, kabla mwezi huu haujaisha, atamke kwa kinywa chake kwamba ameridhia. Asipokuja, nafasi inakwenda kwa wa pili.

Nimemwambia Baba. Amesema atafikiri. Kwa Baba, kufikiri ni nusu ya kukubali. Nusu iliyobaki nitaileta mimi. Mpango wangu: kila jioni nitawafundisha watu wa nyumbani yale niliyojifunza, mpaka Baba aone kwa macho yake faida ya elimu. Hauwezi kushindwa mpango huu!

Jumanne, 16 Novemba

Mpango umeanza vizuri kuliko nilivyotarajia.

Nimeanza na Bibi Biubwa, mama yake Baba. Baba hafanyi jambo Bibi asipolikubali, hata kukata tawi la mkorosho. Bibi alikuwa uani anabangua korosho pamoja na Shangazi Zubeda. Shangazi ni kitinda mimba wa Bibi, na siku hizi huimba hata akichambua mchele, kwa sababu kuna kijana wa Gwata anaitwa Mwishehe. Ijumaa washenga wake wanakuja kutaka jibu.

Nilileta vifaa. Niliifunga kanga ya Mama kwenye miguu ya vigoda vinne vilivyopinduliwa, ikawa kama mbeleko ya mtoto. Katikati nikaweka nazi. Hiyo ndiyo nyota nzito. Kanga ikabonyea. Kisha nikaviringisha korosho pembeni. Zikazunguka, zikazunguka, zikaishia kwenye nazi. Nilikuwa nimevumbua jambo hili mwenyewe! Nikaongeza nazi ya pili, ili nyota izidi uzito. Kanga ikapasuka. Nazi zote mbili zikaanguka, na korosho zote zikafuata. Hapo ndipo somo lilipoeleweka zaidi.

(Ilikuwa kanga mpya. Mama hajajua. Nimeikunja upande mzima ukae juu.)

Bibi aliuliza hiyo nyota nyeusi ni ya nani. Nikamwambia haina mwenyewe. Akasema kila nyota ina mwenyewe, nisimfundishe yeye mambo ya nyota. Sikutaka kubishana na mwanafunzi siku ya kwanza. Nikasema basi, mwenyewe hatujamjua. Akauliza iko upande gani. Kwa kweli inaweza kuwa upande wowote, lakini Mwalimu hutuambia tusimwache mwanafunzi bila jibu. Nikanyoosha mwiko niliokuwa nao mkononi kule kwenye mkorosho mkubwa.

Bibi akaangalia ulikoelekea mwiko. Akasema kule ni Gwata. Nilifurahi sana! Ni kweli kabisa, kaskazini magharibi. Nikampongeza kwa jiografia yake.

Akauliza kama ina mvuto. Nikasema mvuto wake ni wa kutisha, Bibi, aliyeusogelea harudi tena kwao. Bibi akaacha kubangua. Akamtazama Shangazi. Shangazi alikuwa anaimba.

Alisikiliza mpaka mwisho bila kusinzia. Mwanafunzi bora niliyewahi kumwona. Nitamwambia Baba.

Ijumaa, 19 Novemba

Msiba!

Washenga walifika baada ya sala ya Ijumaa, wazee wawili wenye kanzu zilizonyooka. Walikuja kwa lori mpaka njia panda kisha wakatembea, na bado kanzu zilikuwa nyeupe. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na sahani ya visheti, nikisubiri kuitwa.

Wakasalimia, wakauliza hali za watu wote na mbuzi. Wakazunguka na maneno mpaka wakafika. Baba akakohoa ili aseme ndiyo. Bibi akawahi. Akasema kwa sauti ya upole kabisa kwamba hana ubaya na watu wa Gwata, lakini binti yake hataolewa na mtu mwenye nyota nyeusi, tena anayetembea na dawa ya mvuto.

Nilisikia visheti vikigongana kwenye sahani niliyoishika.

Mshenga mkubwa akauliza, kwa heshima lakini akiuma meno, mama yetu ameambiwa na nani maneno hayo? Na Bibi, kwa fahari ambayo sijapata kumsikia nayo, akasema: “Mjukuu wangu Mwamini. Anasoma.”

Ah! Siku zote nimetamani Bibi anisifu mbele ya wageni. Sikutamani hivi.

Washenga waliondoka bila kula visheti. Shangazi Zubeda ameingia chumbani, amejifunika gubigubi, haongei na mtu. Mama alipokwenda kumfariji alichukua kanga yake mpya ili amfunike zaidi. Kwa hiyo hilo nalo limejulikana.

Baba aliniita. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alisema kama shule imeweza kuvunja posa ya dada yake katika jioni moja, basi imekwisha kufanya kazi ya kutosha na inaweza kupumzika. Washenga wakirudi na mambo yakatengenea kabla mwezi haujaisha, atakwenda kuonana na Mwalimu. Wasiporudi, hataonekana huko, na mimi nitakaa nyumbani nishone kanga.

Kwa hiyo posa ya Shangazi na shule yangu sasa ni kitu kimoja. Lazima niitengeneze.

Jumamosi, 20 Novemba

Nimeamua kutumia ukweli. Ni njia fupi.

Baada ya chai nilikaa mkekani karibu na Bibi. Nikampa shikamoo ya pili, ili aone ninaanza upya. Nikamweleza kwamba nyota ninayosema ni ya mbinguni, haihusu mtu, na mvuto ninaosema si ule wa kuchanjia dawa bali ni ule unaoangusha mabibo chini ya mkorosho. Bibi akauliza, kwani nani amesema nyota ya Mwishehe inatoka ardhini? Vyote vinatoka juu.

Nikasema, Bibi, hata kama ingekuwa ya Mwishehe, nyota nyeusi haimvuti aliye mbali! Akikaa mbali haimdhuru kitu. Hatari ni kuisogelea tu.

Bibi akasema ndiyo maana hatampeleka mtoto wake karibu.

Nikaona nimeteleza. Nikajaribu kumtia moyo kwa mambo ya ajabu zaidi. Nikamwambia wanazuoni wanadhani anayeingia humo hufa upesi, maana mvuto wa miguuni unazidi wa kichwani, hivyo hunyooshwa mwili mzima akawa mrefu kama tambi za Idi. Sijui kwa nini nilidhani hilo litatia moyo. Kilio kikasikika kutoka chumbani. Shangazi alikuwa anatusikiliza.

Bibi amenishukuru. Amesema hakujua kwamba hali ni mbaya kiasi hicho.

Ukweli umeshindwa.

Jumatatu, 22 Novemba

Nimemweleza Mwalimu Mwanaamina kila kitu. Aligeukia ubaoni kwa muda mrefu akifuta mahali palipokwisha kufutika. Mabega yake yalitikisika. Nadhani alikuwa anahuzunika pamoja nami.

Kisha akasema nisirudie kupeleka nyumbani somo lililoiva nusu, na mtu akiniuliza jambo nisilolijua niseme sijui. Akasema niende kwa Baba na Bibi, nikiri kwamba mwiko ulikwenda Gwata kwa bahati tu, kisha ninyamaze. Kunyamaza, akasema, ndiyo sehemu muhimu. Nimeyaweka moyoni maneno yake yote. Ni mwalimu mwema sana. Lakini hamjui Bibi.

Biasha ameniuliza kwa sauti tamu kama nimeanza kujifunza kushona. Habari zimefikaje kwao? Alisema ameona ni vizuri aniambie kwamba mama yake ameanza kumtafutia sanduku la bweni. Nikamjibu sanduku zuri ni la bati. Sikuweza kufikiria jibu kali. Lilinijia nilipofika nyumbani, na sasa sina wa kumwambia.

Nilichelewa kurudi. Nikamwambia Mama kwamba wanazuoni wamegundua kuwa karibu na kitu kizito saa huenda polepole, na mimi nilikuwa nimekaa karibu na sanduku la vitabu. Mama akasema mwiko wake hauna tatizo hilo.

Jumanne, 23 Novemba

Nimepata! Nimepata! Tena Bibi mwenyewe ndiye aliyenipa!

Alikuwa anazungumza na Mama huko jikoni. Anamhurumia Mwishehe. Amesema kijana ana adabu, mara zote akija huinama mpaka kofia inadondoka, na makosa si yake kuzaliwa na nyota hiyo. Zamani, akasema, mtu akiharibikiwa nyota alikuwa akioshwa. Alikuwapo bingwa wa kuosha nyota huko Maneromango, lakini barabara ya Maneromango imekatika kwa mvua na hakuna anayejua kama bingwa yu hai.

Kuosha nyota! Wanazuoni wa Ulaya wamefanya hesabu zote zile na hawakulifikiria hili.

Nilingoja Mama atoke. Nikamwambia Bibi nimeelekezwa namna ya kuosha nyota. Sikusema uongo. Sikusema tu nimeelekezwa na nani, na Bibi hakuuliza. Nikasema inaoshwa kwa maji, na mwenyewe anaweza kujiogesha peke yake. Bibi akafikiri. Akasema Ijumaa baada ya sala yuko tayari kumtazama, na akimwona ametakata, washenga wataitwa tena.

Shangazi Zubeda ametoka chumbani kwa mara ya kwanza! Nimemweleza mpango. Alinikumbatia, kisha akanifinya, kisha akanikumbatia tena. Atampelekea Mwishehe habari kupitia kwa mke wa mjomba wa kijana huyo, anayekaa karibu na soko hapa Kisarawe. Mwishehe atalala kwa mjomba na kuoga huko siku ya Alhamisi.

Sasa nitunge maji yenyewe.

Alhamisi, 25 Novemba

Saa tano asubuhi. Tumepewa ruhusa mapema kwa sababu paa la darasa linavuja. Bahati iko upande wangu!

Nimeandaa ndoo kwa mke wa mjomba. Ndani yake: majani ya mrehani, maua ya asumini, maji ya waridi kidogo aliyonipa Shangazi, na sabuni. Yote haya ni ya harufu tu. Nilitaka pia kitu cha elimu. Nikakumbuka somo la kufua. Shuka nyeupe iliyoingia weusi haisafishiki kwa sabuni peke yake, inasuuzwa kwa maji yenye buluu, ikakauka nyeupe kuliko ilivyonunuliwa. Kama buluu inaondoa weusi wa shuka, kwa nini isiondoe weusi wa nyota? Huu ndio unaoitwa uchunguzi.

Kidonge kimoja kinatosha ndoo nzima ya nguo. Nimetia pakiti yote. Nyota ni kubwa kuliko shuka.

Jioni. Siandiki kwa raha.

Mwishehe alifika na baiskeli, mwembamba, mpole, akanisalimia kana kwamba mimi ndiye mganga mwenyewe. Aliuliza swali moja tu, kama maji ni ya baridi. Nikasema ya baridi ndiyo yenye nguvu. Akachukua ndoo na kata akaingia nayo kwenye ua wa makuti. Nilikuwa nimemwagiza asijifute, maji yamkaukie mwilini ili yaingie. Akatii. Mtu mtiifu mno.

Tukasubiri, mimi na mke wa mjomba. Tukasikia akijimwagia. Akiimba kidogo. Kisha hakuimba tena. Kisha akaita, kwa adabu, kama kuna mtu anaweza kumletea kioo.

Alipotoka, mke wa mjomba akaketi chini.

Alikuwa buluu. Si kidogo. Masikio, kucha, mistari ya viganja, nyusi. Alipocheka kwa aibu meno yalionekana meupe kuliko meno ya mtu yeyote katika wilaya hii, kwa hiyo kanuni ya buluu ni ya kweli, lakini haukuwa wakati wa kulisema. Tulimpa dodoki. Tukampa majivu. Tukampa limau. Buluu iliyokolea ikawa buluu ya asubuhi. Ikakataa kushuka zaidi ya hapo. Kanzu yake ya Ijumaa aliyoivaa juu ya mwili mbichi ikaingia madoa kama ramani ya bahari.

Nilimwambia akimbilie Gwata usiku huu huu, nitasema anaumwa. Akasema amekwisha kuahidi kumwona mama mkwe kesho, na mtu hawezi kumwahidi mama mkwe kisha akakimbia, hata akiwa buluu.

Nimekwisha. Biasha atapata nafasi. Atapata na sanduku.

Ijumaa, 26 Novemba

Nitaandika kwa utaratibu, maana mpaka sasa siamini.

Alikuja peke yake. Alipita katikati ya Kisarawe mchana kweupe, na watoto kumi hivi walimfuata nyuma wakiuliza kama ni mtu. Akafika mlangoni, akavua viatu (nyayo nazo buluu), akainama. Kofia ikadondoka. Akatoa shikamoo.

Bibi hakuitikia marahaba upesi. Alimtazama tangu utosini mpaka kwenye vidole. Baba alifunika macho kwa mkono. Nikaona nisaidie. Nikasema Mwalimu ametufundisha kuwa nyota zenye rangi ya kibuluu ndizo zenye moto kuliko zote na... Baba aliniangalia kwa jicho moja kati ya vidole. Nikaacha.

Bibi akamuuliza nani amemfanya hivyo. Hakunitaja! Akasema alijiogesha mwenyewe. Akamuuliza kwani anaamini mambo ya nyota nyeusi? Akasema haijui nyota yake, mama, hajapata kuonyeshwa. Ila aliambiwa asipooga Zubeda hatapewa, akaona kuoga si kazi kubwa. Bibi akauliza, na akiambiwa aoge tena kesho? Mwishehe akafikiri, kama mtu anayepima kazi. Akauliza kama safari hii maji yanaweza kupashwa moto.

Bibi akaanza kucheka. Alicheka taratibu, kisha akashikilia ubao wa dirisha, kisha akafuta macho kwa upindo wa kanga. Halafu nikaona bado anafuta, na hacheki tena.

Akasema kwa sauti ndogo kwamba hakuogopa nyota. Binti yake wa kwanza, Mwanaasha, alimwoza ng'ambo ya mto Ruvu. Alipewa mume mzuri, nyumba nzuri. Hakurudi hata mara moja. Salamu tu, mwaka hadi mwaka, na wajukuu anaowajua kwa majina. Mwamini aliposema kuna kitu kule, aliyekwenda harudi, yeye alikwisha kukijua kabla ya wazungu. Na Zubeda ndiye wa mwisho. Akienda huyo, nani atakaa naye abangue korosho?

Shangazi alikuwa mlangoni, anatafuna ncha ya mtandio.

Hapo nilisahau maagizo yote ya Mwalimu kuhusu kunyamaza. Nikasema, Bibi, si kila kinachovutwa kinaanguka! Mwezi unavutwa na dunia kila siku na hauanguki, kwa sababu unakwenda upande, unazunguka. Hata karibu na nyota nyeusi, kitu kikiwa mbali na mpaka na kina mwendo wake, kinazunguka tu. Kinakwenda, kinarudi, kinakwenda, kinarudi. Kinachoanguka ni kile kilichosimama.

Bibi akauliza, hilo nalo nimeelekezwa? Nikasema hilo nimelisoma.

Akamgeukia Mwishehe. Akamwambia Zubeda atazunguka. Kila msimu wa korosho yeye mwenyewe atampandisha baiskeli amlete hapa, akae mpaka korosho ziishe, kisha amrudishe. Akikaa Gwata msimu mmoja bila kuja, Bibi atakwenda kumchukua kwa miguu yake. Mwishehe akasema baiskeli ina kiti cha nyuma, atakitia mto. Akasema pia yeye anajua kubangua.

Bibi akaitikia marahaba. Ya shikamoo ile ya mwanzo! Ilikuwa bado inangoja.

Nililia kidogo. Nimegundua nilikuwa sijafikiria kabisa kwamba mimi nikienda bweni nami nitakuwa nimekwenda. Nitazunguka. Nimemwambia Bibi hivyo. Akasema nitazunguka vizuri zaidi nikikaa bila kuzungumza.

Jumatatu, 29 Novemba

Baba amekwenda shuleni! Washenga walirudi jana, safari hii wakala visheti, naye ametimiza ahadi. Alivaa koti. Alisimama mbele ya Mwalimu Mwanaamina akatamka kwa kinywa chake kwamba ameridhia. Kisha akaongeza, bila kuulizwa, kwamba ameridhia pia kwa sababu bweni liko mbali.

Nafasi ni yangu. Mwakani nitakuwa darasa la tano.

Biasha alinipongeza. Alinishika mkono, akasema kweli nilistahili, na kwamba mama yake anauliza kama nitahitaji sanduku. Kwa roho safi kabisa! Nilikuwa nimekwisha kuandaa jibu kali tangu wiki iliyopita, na sasa limeharibika.

Njiani Baba alinipa sharti moja. Mpaka wageni wa Gwata wamekuja, wamekula, wamepanga siku ya ndoa na wameondoka salama, nisifundishe mtu yeyote jambo lolote. Nimeahidi. Nimeahidi kwa moyo wote. Mwalimu naye amenikumbusha maneno yake ya somo lililoiva nusu. Nimeyaelewa sasa. Kosa langu lilikuwa kufundisha mambo ya mbali, yasiyo na faida ya kila siku, ambayo hakuna aliyewahi kuyaona. Mtu mwenye busara angeanza na mambo ya karibu.

Alhamisi, 2 Desemba

Nyumba imejaa. Kesho wakwe wa Gwata wanakuja, wanaume sita na wanawake wasiohesabika. Mama ameazima sinia tatu kubwa za wali. Mbuzi ameletwa. Mwishehe sasa ana buluu kwenye kucha tu, kwa habari nilizopata. Baba anaimba bafuni, jambo ambalo hajafanya tangu nizaliwe.

Leo tulikuwa na somo la Afya. Ajabu! Kuna vijidudu vidogo hata macho hayavioni, vinavyokaa kwenye mikono ya watu, kila mtu, hasa aliyenawa vibaya, maelfu kwa maelfu. Mtu akila kutoka sinia moja na wenzake vinahama kutoka mkono hadi mkono na kuingia tumboni, vikaleta kuhara. Mwalimu alituambia tusisahau.

Na haya si mambo ya mbali. Yako kwenye vidole kabisa! Haiwezi kuitwa kufundisha. Ni kutahadharisha tu. Bibi ndiye atakayewakaribisha wageni kwenye sinia, na wengine wanatoka safari ndefu, kwenye vumbi, na ninadhani ingekuwa vibaya sana akapata habari hizi baada ya chakula.

Yuko uani sasa hivi, peke yake, anachambua mchele. Nakwenda mara moja.